Kinanda bila mguu ni kelele tu

Najua nimepotea kitambo, na kuna waliokuwa wanaulizana kule hosteli kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa BTP, nikarudi na ripoti ya kuandika, halafu zikaja test mfululizo kama mvua za masika. Leo nimepata upenyo nimekaa, na sitaki kuzungumzia mkopo wala foleni ya kafeteria. Nataka kuzungumzia kinanda. Hasa hasa nataka kuzungumzia mguu wa mpiga kinanda.

Wale mnaonifahamu mnajua kwamba likizo nikiwa nyumbani Kibiti napiga kinanda kwenye kikundi chetu cha taarab. Sio Jahazi, sio Melody, ni kikundi cha mtaani cha watu wanane. Tunaitwa kwenye harusi za Kibiti, Bungu, Jaribu Mpakani, na msimu wa mpunga ukishavunwa tunaitwa mpaka visiwa vya delta. Hela yenyewe ya kugawana haitoshi hata nauli ya kurudi Mbagala Rangi Tatu, lakini raha yake mtu hawezi kukueleza.

Hoja yangu ni hii, naitoa mapema ili asiye na muda ajue: kila mpiga kinanda wa bendi zetu anapaswa kuwa na pedali ya sauti, ile wanayokanyaga wapiga gitaa, KABLA hajafikiria kununua kinanda kikubwa zaidi au spika kubwa zaidi. Na mwenye kikundi asiyetaka kusikia habari hiyo anawanyima waimbaji wake riziki. Najua ni kauli nzito. Nisikilizeni kwanza.

Ilikuwaje

Kinanda chetu cha zamani kiliharibika kwenye mafuriko ya Aprili 2024, kilikuwa kimehifadhiwa kwa ndugu mmoja Muhoro na maji hayakubisha hodi. Kiongozi wetu akajichanga, akanunua kingine, kikubwa, kina milio mia kadhaa na sauti ya kufa mtu. Tukawa na furaha kama watoto wa Idi.

Harusi ya kwanza ya kinanda kipya ilikuwa huko delta, kwa upande wa mama. Kijiji sikitaji maana wenyewe wananisoma. Tulifika Nyamisati mchana, tukasubiri maji yajae, maana yakiwa yamekupwa boti inakwama kwenye tope na mnabaki kuhesabu mikoko. Tukapakia jenereta, mikisa ya chaneli nane, spika mbili, gitaa la besi, dumbaki na kinanda kimefungwa kwenye turubai kama maiti. Tukaenda zetu katikati ya mikandaa mpaka jua likazama.

Sasa mwimbaji wa heshima wa usiku ule alikuwa bibi yangu, dada yake bibi mzaa mama. Ana miaka sabini na kitu. Enzi zake alikuwa anaimba bila kipaza sauti na kijiji kizima kinasikia. Siku hizi sauti imepungua, lakini maneno anayo. Na taarab, kama mnavyojua, ni maneno. Mtu hasimami kwenda kutunza kwa sababu ya mlio wa kinanda. Anasimama kwa sababu amesikia neno limemgusa yeye, au limemgusa jirani yake waliyenuniana tangu mwaka jana!

Bibi akaanza. Mimi nimeshika sauti ya vayolini mkono wa kulia, kodi mkono wa kushoto. Nikaona midomo yake inacheza lakini sisikii kitu. Kijana wa mikisa akapandisha kipaza sauti cha bibi, kikaanza kupiga miluzi. Akashusha. Akapandisha tena, miluzi tena. Na mimi mikono yote miwili iko kazini, siwezi kufikia kitufe cha sauti mpaka nifike mwisho wa kiitikio. Nikiachia mkono mmoja muziki unapasuka. Basi tukaenda hivyo wimbo mzima. Dakika kumi na kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama na noti. Hata mmoja.

Bibi alipomaliza akaja akakaa karibu yangu. Nikamwamkia upya, "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba mume wangu." Kimya kidogo. Halafu akasema: "Hicho kinanda chenu hakipumui. Mimi nikipanda kinapanda, mimi nikishuka hakishuki. Mimi siimbi nacho tena." Akajifunga kanga vizuri akaenda kulala, na usiku wenyewe ulikuwa bado mbichi.

Wadau, mimi nimeshapigwa sapu, nimeshaibiwa simu Ubungo, nimeshaachwa. Lakini ile kauli ya bibi ilinikaa kuliko vyote. Kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa nini kinanda hakipumui

Hebu fikirini vyombo vingine vya taarab. Mpiga vayolini anabana upinde, sauti inakua, anaulegeza, sauti inafifia. Mpiga kodiani anavuta na kusukuma mapafu ya chombo chenyewe. Mpiga udi anagonga kwa nguvu au kwa upole. Wote hao wanaweza kumpisha mwimbaji katikati ya noti moja. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, walioandamana naye walikuwa na vyombo vya namna hiyo, vinavyojua kunyamaza kidogo.

Halafu miaka ya 1990 kina East African Melody wakaja na taarab ya kisasa, vinanda vya umeme vikachukua nafasi ya vayolini na kodiani. Mimi siyo wa kulalamika kwamba zamani ndiyo ilikuwa nzuri. Kinanda kimoja kimeokoa vikundi vingi, maana nani leo ataweza kuwapakia wapiga vayolini sita kwenye boti ya Nyamisati? Lakini tulipochukua mlio wa vayolini tukauacha upinde. Tulipochukua mlio wa kodiani tukayaacha mapafu. Hapo ndipo tulipokosea.

Mtu ataniambia, "mbona kinanda changu ukibonyeza kwa nguvu kinatoa sauti kubwa?" Sawa, vipo vya hivyo. Lakini ile nguvu ya kidole inaamua jinsi noti INAVYOANZA. Kwa piano inatosha, kwa sababu noti ya piano inakufa yenyewe. Kwa mlio wa vayolini, kodiani au ogani, ukishashikilia noti, kidole hakina tena la kufanya. Itabaki pale pale ilipo mpaka uachie. Ndiyo maana watu wa ogani walilijua hili kitambo sana. Ogani ya Hammond ilipotoka Marekani mwaka 1935 ilikuwa na pedali ya sauti tangu mwanzo, mguu wa kulia kazi yake ni kupandisha na kushusha. Na ogani za mabomba za makanisani kabla ya hapo zilikuwa na sanduku lenye vibao vinavyofunguka na kufungwa kwa mguu. Kwa hiyo mguu kwenye kinanda siyo mbwembwe za wapiga gitaa. Ni sehemu ya chombo ambayo sisi tumeuziwa chombo bila hiyo sehemu.

Kosa langu la Kariakoo

Nikarudi chuo nikiwa na wazo. Bumu lilipoingia, badala ya kulipa deni la mama ntilie, nikaenda Kariakoo nikanunua pedali ya sauti iliyotumika, shilingi 90,000. Siku tisa za chakula kwa hesabu zangu. Muuzaji akaniapia kwamba inafaa kwa kila kitu, gitaa, kinanda, hata spika ya msikitini. Nikasema poa.

Nikaijaribu kwenye mikisa ya rafiki. Majanga. Nakanyaga kutoka kisigino hadi nusu, kimya. Robo tatu, mnong'ono. Halafu ule mwisho kabisa wa vidole, BAA! sauti yote inakuja kwa mkupuo kama basi la Kusini linakatika breki. Siyo pedali tena, imekuwa swichi.

Sasa hapa ndipo masomo yangu ya fizikia, ambayo wengi mnayacheka, yaliponisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Geuza pedali, soma chini. Imeandikwa omu 250,000. Huo ndio ukinzani wa kile kizungushio cha ndani, ambacho mafundi redio wanakiita voliyumu. Gitaa la kawaida linataka ukinzani mkubwa hivyo, kwa sababu ishara yake ni dhaifu, na ukilipa ukinzani mdogo linapoteza ukali wa sauti. Kinanda ni kinyume. Kinatoa ishara yenye nguvu, kinataka pedali ya ukinzani mdogo, omu 25,000 au 50,000 hivi. Ndiyo maana watengenezaji wanatoa aina mbili za pedali zenye sura ile ile. Ernie Ball wana ya 250 na ya 25, Boss wana zenye herufi H mwishoni kwa magitaa na zenye herufi L kwa vinanda. Herufi moja tu, na mimi sikuiangalia.

Kwa wenzangu wa sayansi, fanyeni hesabu wenyewe. Chukulia tundu la mikisa lina ukinzani wa omu 10,000, na voliyumu ya pedali inapanda sawasawa. Pedali ya 250,000 ikiwa nusu, juu kuna 125,000, chini kuna 125,000 sambamba na zile 10,000 za mikisa, yaani kama 9,300. Gawa: unapata asilimia 7 ya ishara, wakati wewe ulitegemea 50. Peleka mguu robo tatu, unapata asilimia 13. Kwa hiyo kutoka 13 hadi 100 yote imebanwa kwenye robo ya mwisho ya mguu! Na pedali nyingi za gitaa zimetengenezwa zianze polepole makusudi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hiyo. Ukiwa na pedali ya 25,000, nusu ya mguu inakupa asilimia 31. Hapo mguu una kazi ya kufanya.

Nimewaandikia hesabu siyo kwa kujionyesha. Ni kwa sababu najua kuna mtu atanunua pedali ya gitaa, aunge kwenye kinanda, aone upuuzi, aitupe uvunguni na aseme "pedali hazifai kwa kinanda". Zinafaa. Tatizo ni namba iliyo chini yake.

Fundi wa Kibiti

Likizo iliyofuata nikaenda nayo nyumbani. Pale Kibiti kuna fundi redio mmoja, mzee wa makamo, kibanda chake kimejaa maiti za redio. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, mmesoma sana lakini hamsomi maandishi ya chini." Nikanyamaza, nitasema nini?

Akaifungua. Kumbe ndani hakuna kitu cha ajabu: voliyumu moja, kamba, na matundu mawili. Haina betri, haina umeme. Akatafuta kwenye kopo lake, akapata voliyumu ya omu 50,000 iliyotoka kwenye amplifaya bovu, akaipima shimoni, akaikwangua kidogo ikae, akaichomelea kwa risasi. Dakika arobaini. Nikampa elfu tano na chai.

Kwa hesabu ile ile, nusu ya mguu sasa inatoa kama asilimia 22, robo tatu inatoa 39. Mtu atasema mbona siyo 50? Sikio la binadamu halisikii kwa mstari ulionyooka. Ukishuka kwenye 22, sikio linaona umeshuka kiasi cha kupendeza, siyo umezimika. Kwa hiyo voliyumu ya kopo la fundi ikatoka nzuri kuliko nilivyotegemea. Sisifii kila uchakachuaji, ila huu ulikubali.

Usiku wa pili

Tukaitwa tena delta, harusi ya binamu. Bibi akaombwa aimbe, akakataa. Akasema alishasema. Mama mkubwa akambembeleza, bibi harusi mwenyewe akaja akapiga magoti mbele yake. Ndipo akakubali wimbo mmoja tu, na akasema akiona vipi anashuka.

Nikaweka pedali juu ya kibao, maana mchanga wa kule unaingia kila mahali. Nikakaa kwenye kiti, maana ukisimama kwa mguu mmoja utaanguka na kinanda chako. Kwenye kiitikio natembeza mguu mbele, vayolini zinajaa. Bibi akifungua mdomo narudisha kisigino, zinabaki chini yake kama mkeka. Akivuta neno refu, nafuata nyuma yake taratibu. Kijana wa mikisa hakugusa kitu wimbo mzima, na hakuna mluzi hata mmoja.

Katikati ya wimbo bibi akanigeukia. Wimbo ulipofika kwenye kipande cha vyombo akaniinamia sikioni: "Mume wangu, leo kinanda kinaumwa?" Nikamwambia, "Hapana bibi, nimekifunga mguu." Akacheka yule! Akasema, "Basi usiufungue."

Na watu wakasimama. Mwanzoni mama mmoja, halafu wawili, halafu foleni. Noti zikabandikwa kwenye paji la uso, zikatupiwa kwenye kanga, mmoja akamvisha leso begani. Sikuzihesabu, lakini bibi alizihesabu, na hakuimba wimbo mmoja. Aliimba mitatu. Asubuhi alimlipa mjukuu wake daftari na sare kwa ile hela. Hiyo ndiyo riziki niliyoisema mwanzoni.

Wanaonipinga

Siwezi kusema wote walifurahi, nitakuwa muongo. Vijana walikuwa wanapiga kelele "weka sautiii". Na kiongozi wetu aliniita pembeni akanipa hoja zake. Nazijibu hapa moja moja.

1. "Kazi hiyo ni ya mtu wa mikisa." Kweli, kwa bendi yenye mtu wa mikisa anayejua nyimbo. Sisi wa kwetu ni kijana anayelinda jenereta, anaangalia mafuta, na nusu ya muda anacheza. Hata akiwa makini, anasikia mwimbaji AMESHAANZA ndipo anashusha. Mpiga kinanda anajua kabla, kwa sababu anaona bibi anavuta pumzi.

2. "Watu wanataka kelele." Wapo, na wana haki yao. Mchiriku ni muziki wetu wa pwani, na kinanda kidogo cha Casio kinacholia kwa ukali mwanzo mwisho ndiyo ladha yake. Jagwa Music walitoa albamu yao Bongo Hotheads mwaka 2012 na kinanda cha namna hiyo, wakazunguka nacho Ulaya. Hakuna aliyewaambia washushe. Lakini kila muziki na adabu yake. Mchiriku unataka ukali, taarab inataka neno lisikike. Huwezi kuchukua sauti ya kigodoro ukamwekea bibi wa miaka sabini halafu ukasema yeye ndiye kaishiwa.

3. "Ukishusha mguu, na ngoma zinashuka." Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, nakiri. Kama kinanda ndicho kinachopiga na mdundo, kila kitu kinatoka kwenye waya mmoja, na pedali ya nje inashusha vyote pamoja. Sisi tuna dumbaki ya mkono, kwa hiyo tuliponea. Nyie mnaotegemea mdundo wa ndani, ama mtumie kinanda cha pili kwa mdundo, ama mtafute kinanda chenye tundu maalumu la pedali ambapo unaweza kuchagua mguu uguse sauti za mkono wa kulia tu. Ni gharama, ndiyo.

4. "Kwa nini usinunue pedali halisi ya kinanda?" Swali zuri. Zipo, kama FC7 ya Yamaha na EV-5 ya Roland. Lakini hizo hazipitishi sauti. Zinapeleka taarifa tu kwamba mguu uko wapi, halafu kinanda chenyewe ndicho kinachoshusha. Kwa hiyo lazima kinanda kiwe na tundu la kazi hiyo, na vinanda vingi vya bei yetu havina. Vina tundu moja la "sustain", na hilo ni la kuwasha na kuzima tu, halijui nusu wala robo. Tena za Yamaha na za Roland nyaya zake zimeungwa tofauti, ukichanganya zinafanya vituko. Ukiwa na kinanda chenye tundu lake, nunua hiyo, mimi sikupingi. Ukiwa na kinanda cha kawaida, pedali ya gitaa inakaa kati ya kinanda na mikisa na haimuulizi mtu.

Kwa anayetaka kujaribu

Angalia namba chini ya pedali kabla hujatoa hela. Ukikuta 250,000 au 500,000, ama shuka bei ukaibadilishe kwa fundi, ama uunge kwenye tundu la gitaa la mikisa kama lipo. Tundu la gitaa lina ukinzani mkubwa, omu milioni moja hivi, na hapo pedali ile ile inatoa asilimia 47 kwenye nusu. Ila shusha sauti ya kinanda kwanza, usije ukalipasua.

Kama kinanda kina matundu mawili ya sauti na pedali ni ya njia moja, tumia lile lililoandikwa L/MONO. Kama kina tundu la hedifoni tu, tumia waya wa kugawa pande mbili, uchukue upande mmoja. Ukichomeka pini ya kawaida moja kwa moja, upande mmoja wa sauti unaungana na ardhi, si vizuri. Na ujue spika za ndani zitanyamaza.

Usishushe mguu mpaka sifuri. Baadhi ya pedali zina kitufe cha kuweka kiwango cha chini, kitumie. Kinanda kikizimika kabisa mwimbaji anapotea njia.

Na kwa wa pwani na delta: chumvi na mchanga vinaingia kwenye voliyumu, inaanza kukwaruza. Ifunike, ibebe kwenye mfuko wa nailoni, na usiiache chini ya boti kwenye maji ya ngama.

Mwisho

Wakati nipo BTP msimamizi alikaa nyuma ya darasa, akaandika kwenye fomu yangu kwamba nina sauti kubwa lakini ni moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kipindi. Iliniuma, maana nilidhani sauti kubwa ndiyo ualimu. Siku hizi nikiingia darasani nakumbuka kile kibao na mchanga. Mwanafunzi akitaka kusema, kisigino chini.

Kiongozi wetu hajakubali yote. Tumefikia muafaka: mpaka saa sita usiku, wakati wazee wapo, pedali inakuwepo. Baada ya saa sita vijana wapewe kelele zao. Mimi naona siyo haba. Bibi ameniuliza nakuja lini, na nimemwambia Juni nikimaliza UE.

Naomba kuwasilisha. Kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa.